Kuanzisha Kikundi cha Vichekesho vya Barakoa kwa Njia ya Commedia dell'Arte: Mwongozo Kamili

Tarehe 25 Februari 1545, mjini Padua, kaskazini mwa Italia, wanaume wanane walikwenda kwa mthibitishaji wa hati wakaandikishana mkataba wa kuigiza pamoja na kuzunguka mji hadi mji. Kiongozi wao aliitwa Ser Maphio. Walikubaliana kuweka mapato kwenye sanduku moja, na kwamba mwenzao akiugua safarini atatunzwa kwa fedha hizo. Ni mojawapo ya hati za zamani kabisa tulizonazo kuhusu kikundi cha waigizaji wa kulipwa wa aina hii.

Nimeanza na mkataba kwa makusudi. Wengi wakisikia commedia dell'arte, yaani vichekesho vya barakoa vya Italia ya zamani, au komedia kama nitakavyoiita humu, hudhani ni watu wanaovaa barakoa na kubuni mizaha papo kwa papo. Kumbe wale walikuwa mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Kilichoonekana kimezuka pale pale jukwaani kilikuwa kimepikwa kwa miaka, na ubunifu wa papo hapo ulikaa juu ya maandalizi hayo.

Mwongozo huu ni kwa mwenye watu watano hadi wanane, chumba cha mazoezi na kama miezi mitatu. Mwishoni mtakuwa na onyesho la dakika arobaini linaloweza kuchezwa uwanjani, sokoni au ukumbini. Jambo moja litajirudia katika kila hatua: barakoa peke yake haichekeshi. Anayechekesha ni mtu mwenye haja kubwa iliyogoma kutimia. Barakoa inaikuza haja hiyo mpaka aliyekaa nyuma kabisa aione.

Hatua ya kwanza: fahamu unachokirithi

Historia haihitaji kukuchukua siku nyingi, lakini usiiruke. Vikundi vya komedia vilitawala majukwaa ya Italia, na kwa kiasi kikubwa ya Ufaransa, kuanzia katikati ya karne ya 16 hadi karne ya 18. Wanawake walipanda jukwaani humo mapema. Isabella Andreini wa kikundi cha Gelosi, aliyefariki Lyon mwaka 1604, alikuwa na sifa Ulaya nzima wakati London bado inawavalisha wavulana nguo za kike. Mwaka 1611 Flaminio Scala alichapisha mihtasari 50 ya michezo, na ukiisoma utashangaa: hakuna mazungumzo. Kuna maelekezo tu ya nani anaingia, anataka nini, anamkuta nani, na anatokaje.

Karne ya 18 mwandishi wa tamthilia Carlo Goldoni alianza kuwaandikia waigizaji maneno yote na kuwavua barakoa polepole, na mtindo wa zamani ukafifia. Tunachokifanya leo kimefufuliwa katika karne ya 20. Mwongozaji Jacques Copeau aliuchokonoa Ufaransa. Mwaka 1947 mwongozaji Giorgio Strehler aliuweka jukwaani Milano, kwenye ukumbi wa Piccolo Teatro. Kuanzia 1948 mwalimu wa uigizaji Jacques Lecoq alifanya kazi Padua na mchongaji Amleto Sartori, aliyerudisha ufundi wa barakoa za ngozi uliokuwa umepotea. Dario Fo, mwandishi na mwigizaji wa Italia, aliutumia kuwasema wakubwa, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Nobel ya fasihi.

Hii ina maana kubwa kwako. Hakuna mtindo halisi wa kale uliofungiwa kabatini ambao ukiukosea kidogo umeharibu. Hata mabingwa wa karne iliyopita walitazama picha za zamani, wakasoma mihtasari, kisha wakajaribu kwa miili yao. Wewe una haki ile ile, mradi ujue unachokibadilisha.

Hatua ya pili: chagua watu wa mji wako

Wahusika wa komedia walitoka mitaani. Pantalone ni mfanyabiashara mzee wa Venice, tajiri, bahili, pochi kiunoni. Dottore ni msomi wa Bologna, mji wa chuo kikuu kikongwe, anayemwaga Kilatini kibovu bila kusema lolote la maana. Capitano mara nyingi ni Mhispania, kwa sababu Hispania ndiyo iliyokuwa ikitawala Milano na Napoli. Anajisifu kwa vita ambavyo hajapigana na hukimbia akisikia kikohozi. Zanni ni mchukuzi kutoka mabonde ya Bergamo aliyeshuka mjini kutafuta kibarua. Kutoka kwake walitokea Arlecchino, mwepesi wa miguu kuliko akili, na Brighella, mjanja mwenye kujua bei ya kila mtu. Napoli ina Pulcinella wake mwenye nguo nyeupe na barakoa nyeusi. Colombina, mtumishi wa kike, kwa kawaida havai barakoa, na ndiye mwenye akili kuliko wote. Wapenzi wawili nao hawavai: nyuso zao ziko wazi ili tuamini mapenzi yao, hata tunapocheka namna wanavyojipenda wenyewe zaidi.

Tazama jinsi walivyopangwa. Juu wako wenye mali, elimu na silaha. Chini wako wenye njaa. Katikati wapo vijana wanaotaka kuoana, na wa juu wanawazuia. Huo ndio mtambo. Majina na mavazi hubadilika, mtambo haubadiliki.

Ushauri wangu kwa kikundi kinachozungumza Kiswahili ni kuacha kuwavalisha watu soksi nyekundu za Venice, isipokuwa mmeamua kwa makusudi kucheza ya zamani. Chukueni kalamu, mjiulize: mtaani kwetu nani ana mali na hataki kuiachia? Mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima mkupuo. Nani anaficha utupu kwa maneno makubwa? Mtaalamu wa semina. Nani anatisha watu kwa cheo ambacho hakipo tena? Nani anamuuzia kila mtu kitu ambacho si chake? Hapo Brighella anajileta mwenyewe: dalali. Na Zanni ni kijana aliyeteremka basi leo asubuhi akiwa na begi moja na namba ya simu ya mjomba isiyopatikana.

Kwa kila mhusika andika mistari mitatu tu: anataka nini, anaogopa nini, anatembeaje. Ukihitaji mstari wa nne, mhusika bado hajakaa.

Onyo moja hapa. Komedia ya zamani ilitumia lahaja za miji kama silaha ya kuchekesha. Ukiiga jambo hilo kwa kudhihaki lafudhi za makabila, utapata kicheko cha haraka na utawaumiza watu ambao hawakukukosea. Tumia lugha za kazi badala yake: Kiswahili cha ofisini, cha mahakamani, cha vijiweni, cha mahubiri. Humo mna utajiri wa kutosha.

Hatua ya tatu: tengeneza barakoa

Barakoa ya komedia hufunika paji, macho, pua na mashavu, na kuacha mdomo na taya huru ili mwigizaji aseme. Ya Dottore hufunika hata pungufu ya hapo, paji na pua tu.

Mafundi wa Italia hutumia ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Huilowesha maji, huitandaza juu ya umbo la uso lililochongwa kwenye mbao, huipigilia misumari midogo pembeni, kisha huisukuma na kuigonga kwa nyundo ya pembe mpaka ishike kila mkunjo. Ikikauka huwa nyepesi na ngumu, na hupokea jasho bila kulegea. Ni ufundi wa miaka. Kwa kuanzia, karatasi inatosha kabisa, na kwetu ipo karatasi bora sana kwa kazi hii: kaki ya mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri.

Anza kwa kuchukua umbo la uso wa mwigizaji mwenyewe. Paka Vaselini usoni, zaidi kwenye nyusi na ukingo wa nywele. Lowesha vipande vya bendeji ya plasta, ile ya kufungia mifupa, utandaze tabaka tatu ukiacha matundu ya pua na mdomo wazi. Mwenzenu mmoja akae pembeni amshike mkono muda wote. Baada ya kama robo saa itaanza kuachia yenyewe. Usimmiminie mtu plasta nzito moja kwa moja usoni: inapoganda hutoa joto la kuunguza. Ukishapata ganda, lipake mafuta ndani, mimina plasta humo, na kesho yake utakuwa na nakala ya uso wa kufanyia kazi.

Juu ya nakala hiyo finyanga mhusika kwa udongo wa mfinyanzi. Hapa ndipo penye kazi hasa. Usifinyange kicheko wala huzuni. Uso uliokwisha kucheka hauwezi kufanya kingine kwa dakika arobaini. Finyanga tabia: paji zito, pua iliyochongoka, mashavu yaliyobonyea kwa njaa. Fanya miteremko mikubwa na kingo zinazoonekana, kwa maana mikunjo midogo ya uzeeni hupotea mita tano tu kutoka jukwaani. Pande mbili za uso zisifanane sana. Nyusi moja ikipanda kidogo, barakoa itakuwa na nyuso mbili kwa bei ya moja. Pua ndiyo usukani, ipe muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Katika utamaduni wa Zanni husemwa kwamba pua ikizidi urefu, ujinga nao huzidi.

Kabla ya kubandika karatasi, zima taa, washa tochi kutoka juu, na zungusha kichwa hicho polepole: chini, juu, kushoto. Uso ukibaki vile vile, rudi kwenye udongo. Uso mzuri huonekana kuwaza ukiinama na kushangaa ukiinuka, na hakuna kilichobadilika ila kivuli.

Ukiridhika, paka Vaselini juu ya udongo. Chana karatasi kwa mkono, vipande vya upana wa vidole viwili. Ukikata kwa mkasi kingo zitaonekana. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, au uji mzito wa unga wa ngano. Tabaka sita hadi nane. Badilisha kati ya gazeti na kaki ili ujue tabaka moja limeishia wapi. Anika kivulini penye upepo siku mbili. Jua kali huipinda.

Bandua, kata ukingo wa chini uishie juu ya mdomo wa juu ili usiguse unapotamka "p" na "b". Toboa macho kidogo kidogo, ukimjaribisha mwenye uso kila mara. Tundu likiwa dogo sana ataanguka jukwaani; likiwa kubwa sana tunamwona yeye badala ya mhusika. Piga msasa, paka rangi ya hudhurungi au nyeusi iliyochanganyika na wekundu, kisha vanishi isiyong'aa, kwani mng'ao huua vivuli. Ndani gundisha vipande vya sponji kwenye paji na mashavu ili barakoa isikae juu ya ngozi na ili jasho lipate pa kwenda. Lastiki ipite juu ya masikio.

Usipuuze suala la kukaa vizuri. Marcello Moretti, Arlecchino wa kwanza wa Strehler, mwanzoni alijipaka rangi usoni kwa sababu barakoa alizopewa zilimsumbua. Sartori alipomtengenezea ya ngozi iliyomkaa sawasawa ndipo alipoipenda.

Neno kuhusu barakoa zetu. Wamakonde wa Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji wana mapiko, barakoa zilizofungamana na jando na siri za wenyewe. Jifunze kutoka kwa wachongaji wake jinsi ya kusoma mbao na kivuli, lakini usizichukue ukazitie kwenye kichekesho chako. Chonga za kwako.

Hatua ya nne: fundisha mwili

Tenga wiki tatu kwa hatua hii kabla ya kisa chochote. Vikundi vingi huiruka, na huonekana mara moja: watu wanaongea huku barakoa zimelala usoni.

Kwanza adabu. Barakoa haivaliwi mbele ya watazamaji. Mwigizaji hugeuka, huinama, huivaa, hupumua, ndipo hugeuka tena. Akiwa ameivaa haigusi kwa mkono, maana kidole kikigusa kinatukumbusha kuwa ni karatasi. Haitupwi sakafuni kifudifudi. Mwanzoni avae dakika kumi na tano kisha apumzike, kwa sababu joto na uoni finyu huchosha upesi na kuleta kizunguzungu.

Halafu kanuni za mwili, zote zinatokana na ukweli kwamba macho yake hatuyaoni vizuri. Pua inatazama badala ya macho. Akitaka kuona mlango, pua iende kwenye mlango, kwa mkato mmoja, isimame. Shingo itangulie, mabega yafuate, nyonga mwisho. Fanyeni zoezi hili kila siku: simameni mstari, kiongozi apige kofi, vichwa vigeuke kwa pamoja kwenye kitu kimoja na kutulia. Kofi, geuka, tulia. Linachosha na halina mbadala.

Jambo moja kwa wakati. Mtu wa kawaida hutembea, huwaza na hujikuna kwa pamoja. Mwenye barakoa hutembea. Husimama. Huwaza. Hujikuna. Kila tendo lipate mwanzo na mwisho, ndipo watazamaji watakapoweza kulisoma.

Kisha kanuni ninayoipenda kuliko zote: pembetatu. Kitu kinapomtokea mhusika, anakitazama, anawatazama watazamaji, anarudi kukitazama. Ule mtazamo wa katikati ndio kicheko. Tumbo linaunguruma: anatazama tumbo, anatutazama sisi, anarudi kwenye tumbo. Hajasema neno, na tayari sisi ni washirika wake. Katika komedia watazamaji wapo wazi, hakuna ukuta, na mhusika anawategemea.

Epuka ubavu. Ukigeuka ubavu kabisa barakoa hugeuka kipande cha karatasi chenye pua. Kaa robo tatu, hata unapozungumza na aliye pembeni yako. Mwanzoni inaonekana si kawaida. Kutoka mbele inaonekana sahihi.

Baada ya hapo jenga mwendo wa kila mhusika, ukianzia Zanni hata kama hayumo kwenye kisa chako. Magoti yamekunjwa sana, mgongo umepinda kwa ndani, viwiko nje, pua mbele kama inavuta mwili mzima. Amebeba mizigo maisha yake yote. Mapaja yatawaka moto, ni sawa. Mzee bahili hupinda mgongo kuikinga pochi, hatua fupi, visigino karibu, vidole vinachezacheza. Msomi huongozwa na tumbo na huchora nambari nane sakafuni akizunguka hoja yake bila kufika. Mwanajeshi hewa hutangulia na kifua, hatua ndefu, mpaka akisikia sauti nyuma yake. Hapo kifua hutoweka. Dalali huteleza, magoti laini, mikono tayari kupokea.

Mwisho wa wiki ya tatu fanyeni zoezi la njaa. Dario Fo alikuwa na kipande maarufu cha Zanni mwenye njaa kali hadi anawaza kujila mwenyewe, na mwishoni anakamata nzi na kumla kwa heshima zote. Nzi huyo ni mchezo wa zamani wa komedia. Ferruccio Soleri, aliyemrithi Moretti na kucheza Arlecchino kwa zaidi ya nusu karne, naye alimla. Msikiige. Kila mmoja apewe dakika tatu, barakoa, na chakula kimoja kisichokuwepo: ndizi, kipande cha muwa, punje moja ya mchele. Ale. Anayetafuta kuchekesha atashindwa, na anayeamini kwamba punje hiyo ndiyo chakula chake cha juma zima atawaangusha wenzake chini kwa kicheko. Zoezi hili litakuonyesha nani acheze nani.

Kwa sauti, zungumzeni maneno yasiyo na maana yenye muziki wa lugha fulani: hotuba ya msomi, ugomvi wa sokoni, posa. Fo aliukuza ufundi huu, unaoitwa gramelo. Mkieleweka bila maneno, mtakapoongeza Kiswahili kila neno litakuwa na mwili chini yake.

Hatua ya tano: jenga lazi

Lazi ni kipande kifupi cha kuchekesha chenye uhai wake, dakika moja hadi nne, kinachoweza kuchomekwa kwenye kisa chochote. Waigizaji wa zamani waliziweka akilini kwa makumi. Lenga mbili kwa kila mtu.

Iko hivi. Kuna haja ya wazi. Kuna kizuizi. Mhusika anajaribu, anashindwa, anajaribu kwa akili zaidi, anashindwa vibaya zaidi, mara ya tatu mambo yanafika pasipofikirika, kisha yanaachiwa ghafla na kisa kinaendelea. Nitoe mfano wa leo. Bosi anamwachia Tumbo, kijana mchukuzi, simu ya bei mbaya: "Usiiguse, usiipokee, usiiache." Simu inaita. Anatutazama. Akiipokea, kosa. Akiiacha iite, bosi anayelala ndani ataamka. Anaifunika kwa kofia. Inatetemeka na kutembea na kofia. Anaikalia, mtetemo unapanda mwilini hadi kwenye meno. Anaiimbia ili sauti ipotee, wapita njia wanadhani ni harusi, wanaanza kucheza. Bosi anatoka, simu inanyamaza, Tumbo bado anatetemeka.

Lazi hujaribiwa kwanza bila maneno. Mkiipenda, ihesabuni: hatua ngapi, pumzi ipo wapi, kichwa kinageuka lini. Iandikeni kwenye daftari la kikundi kwa mpangilio huo. Kila anguko na kofi lifanyiwe mazoezi polepole mara nyingi, kwa sababu mwenye barakoa haoni pembeni. Kwa makofi tengenezeni batocho: mbao mbili nyembamba, kama sm 45, zilizofungwa kwenye mpini mmoja na kuachwa mwanya mdogo katikati. Inapiga kelele kubwa na haiumi.

Hatua ya sita: andika kanovacho

Kanovacho ni muhtasari unaobandikwa nyuma ya pazia, kila mtu ausome kabla ya kuingia. Huu hapa mmoja niliouunda kwa mwongozo huu. Mtumishi wa mabwana wawili ni mtego wa zamani. Goldoni aliutumia mwaka 1745 kwa ajili ya mwigizaji Antonio Sacchi, mwanzoni sehemu kubwa ikiwa muhtasari tu, na baadaye ndipo alipoiandika yote.

Sehemu ya kwanza. Uwanja mbele ya nyumba. Mzee Ngawira anahesabu fedha. Mwanaidi, dada wa kazi, anadai mshahara wa miezi mitatu. Lazi ya pochi isiyofunguka. Ngawira anatangaza kwamba binti yake Rehema ataolewa na Kapteni Radi, na kwamba chumba cha uani kinatafutiwa mpangaji. Anatoka. Rehema na Sefu wanaagana kwa machozi mengi mno. Sefu anaamua kupanga chumba hicho ili awe karibu. Dalali Chapuchapu anampangisha na kuchukua udalali wake. Kapteni anaingia, naye anataka chumba. Chapuchapu anatutazama. Anampangisha kile kile. Tumbo anaingia na begi lake. Kila mpangaji anamwajiri abebe mizigo, kwa ahadi ya sahani ya pilau kazi ikiisha.

Sehemu ya pili. Tumbo na masanduku mawili. Kila akiifikia pilau anaitwa na bwana mwingine. Lazi ya simu. Masanduku yanabadilishana, Kapteni anakuta barua za Rehema. Ghadhabu. Dokta Vifungu anaitwa atafsiri mkataba wa pango. Lazi ya kifungu kisichokwisha, mmoja baada ya mwingine wanasinzia wakiwa wamesimama.

Sehemu ya tatu. Usiku. Jukwaa lina mwanga, ila wote wanacheza kana kwamba ni giza totoro. Wapangaji wawili, dalali na mzee wanapapasana chumbani, kila mmoja akidhani ameshika mwingine. Mwanaidi anafunga mlango kwa nje, na ufunguo anao yeye. Masharti: mshahara wake wote, dalali arudishe fedha, Rehema aulizwe yeye anamtaka nani. Wanakubali. Tumbo anapata sahani.

Muhtasari ukizidi ukurasa mmoja, kata. Maneno yatatoka yenyewe, na yale yanayochekesha mara mbili mfululizo yahifadhiwe. Kwa njia hii kisa huandikika polepole na kikundi chote, ndivyo vikundi vyetu vya vichekesho kama vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vilivyofanya kazi kwa miaka mingi: kisa kinajulikana, mazungumzo yanazaliwa jukwaani.

Hatua ya saba: mazoezi na siku yenyewe

Wiki ya nne na ya tano ni za lazi. Ya sita hadi ya tisa pitieni kanovacho, kila siku mara moja bila maneno, mara moja kwa gramelo, mara moja kwa Kiswahili. Kuanzia ya kumi leteni watu wa kutazama, hata kama ni majirani sita na watoto wao. Komedia bila watazamaji haifanyiki. Pembetatu inabaki na pembe mbili.

Jukwaa liwe dogo na lililoinuka, mita tano kwa nne zatosha, na pazia moja nyuma lenye njia mbili. Taa zitoke juu na mbele kidogo. Taa za chini zinafuta vivuli mlivyovifinyanga kwa jasho. Mchana wa nje ni mzuri kuliko ukumbi wenye taa mbovu. Mtu mmoja akae pembeni na ngoma na vyombo vya kugonga, macho yake yasibanduke kwa waigizaji. Yeye ndiye mapigo ya moyo ya onyesho. Maleba yawe na umbo linaloonekana kwa mbali: mabega makubwa, tumbo la sponji, kofia. Kiraka kisichoonekana kutoka mstari wa mwisho hakina kazi.

Kuhusu nani achekwe, mimi nina msimamo. Cheka kwenda juu. Mwaka 1697 Mfalme Louis wa 14 aliwafukuza waigizaji wa Kiitalia kutoka Paris, na ilisemwa ni kwa sababu walitaka kumdhihaki Madame de Maintenon, mke wake. Hawakurudi hadi 1716, baada ya mfalme kufa. Kisa hicho kinatufundisha mambo mawili: mzaha una uzito, na kikundi lazima kijue kinapocheza. Mcheke mwenye nyumba, si fulani wa nyumba namba fulani. Watazamaji wenyewe watamtambua.

Siku ya onyesho fikeni saa tatu kabla ya kuanza. Pashaneni miili nusu saa, kisha kila mmoja aketi na barakoa yake mkononi dakika chache aitazame. Mkiingia, dakika ya kwanza msiharakishe: mwacheni Tumbo asimame, awatazame watu, watu wamtazame. Mtoto akilia, mbuzi akipita, umeme ukikatika, hicho ni chakula. Mhusika akione, atutazame, akitumie, kisha arudi kwenye kanovacho. Asirefushe. Anayenogewa na kubuni hadi kisa kikapotea anawaibia wenzake.

Baada ya onyesho futeni barakoa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, badilisheni sponji zilizolowa, mzianike zikiwa zimeangalia juu. Keti pamoja usiku huo huo na daftari. Andikeni ni wapi watu walicheka msipotarajia, ni wapi walinyamaza mlipotarajia, na ni lazi ipi ilizidi urefu. Onyesho la pili lichezeni mtaa mwingine, mbele ya watu wasiowajua, ndani ya wiki hiyo hiyo kabla miili haijasahau.